Mfumo Unaonesha Siku Zimepita: Je, Kompyuta Ndiyo Iliyoamua Rufaa ya Mama?

*Shikamoo wakili. Mama yangu ni mjane, tunaishi Rungwe. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya limetoa hukumu dhidi yake kuhusu shamba la migomba na chai ambalo marehemu baba alililima tangu kabla sijazaliwa. Siku ya tatu baada ya hukumu tulipeleka barua ya kuomba nakala, tukazipata siku ya 19. Siku ya 44 kijana wa steshenari alituingizia rufaa kwenye mfumo wa Mahakama Kuu, ikarudishwa kwa sababu jina la mama tuliloandika lilikuwa na herufi l mahali ambapo hukumu ina r. Umeme ukakatika, tukaweza kuirudisha siku ya 47. Sasa tunaambiwa mfumo unaonesha tumechelewa. Jirani mmoja anasema Katiba imekataza mambo ya kiufundi, kwa hiyo twende tu kwa Jaji. Mwingine anasema kompyuta ikishakataa ndiyo basi, na kwamba kuna nchi ambako majaji tayari ni roboti. Haki ya mama imekufa kwa herufi moja?*

Marahaba. Nianze na lililo zito zaidi kwenu: kwa tarehe ulizonitajia, upo uwezekano mkubwa kwamba mama hajachelewa hata siku moja. Siwezi kukuahidi ushindi, kwa maana sijaiona hukumu wala jalada, lakini hesabu ya siku 47 mnayoambiwa siyo hesabu ambayo sheria inaitumia. Hofu yako, kama nilivyoielewa, ina pande mbili. Upande mmoja ni shamba. Wa pili ni mpana zaidi, nao ni hisia kwamba haki ya mtu mnyonge sasa imekabidhiwa kwa chombo kisichosikia maelezo. Nitajibu zote mbili, kwa sababu hofu ya pili ikiachwa bila jibu itamfanya mama akate tamaa mahali ambapo bado ana nafasi.

Mfumo wa kielektroniki wa kusimamia mashauri hauna mamlaka ya kuhukumu. Kazi yake ni kupokea nyaraka, kuzipa namba, kutoa namba ya malipo, kupanga mashauri na kutunza kumbukumbu. Nyaraka inayoingizwa humo hupitiwa na mtumishi wa masjala, na mwenye dhamana ya masjala ya Mahakama Kuu pale Mbeya ni Naibu Msajili. Kurudishiwa rufaa ili mrekebishe jina ni hatua ya kiutawala ambayo haijasema lolote kuhusu uzito wa sababu zenu za rufaa, wala haijaamua kama mmechelewa. Suala la rufaa kuwa ndani au nje ya muda linagusa mamlaka ya mahakama kuisikiliza, na hilo huamuliwa na Jaji baada ya pande zote mbili kupewa nafasi ya kusema. Kwa hiyo aliyewaambia kwamba mfumo umekataa amewapa neno lisilo na nguvu ya kisheria. Mwulizeni kwa heshima ni nani aliyeandika maelezo hayo, lini, na kwa sababu gani, kisha chapisheni ukurasa huo wa mfumo pamoja na ujumbe wa kwanza wa kurudishiwa rufaa, na mvitunze vyote viwili.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, inampa mtu asiyeridhika na hukumu ya Baraza la Wilaya siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, iwapo shauri lilianzia katika Baraza hilo. Kama shauri lilianzia baraza la kata, enzi zile kabla ya mabadiliko ya mwaka 2021 kuyaachia mabaraza ya kata kazi ya usuluhishi tu, basi muda ni siku 60 na utaratibu wake ni mwingine. Nadhani lenu si hilo, lakini lithibitisheni. Watu wengi huzihesabu siku 45 mfululizo kwenye kalenda kuanzia siku hukumu iliposomwa. Hata hivyo, Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inaelekeza kwamba muda uliotumika kupata nakala ya hukumu au dikrii (amri rasmi inayotokana na hukumu) inayokatiwa rufaa uondolewe katika hesabu, na sababu yake ni ya kibinadamu kabisa, kwamba huwezi kumtaka mtu apinge maandishi ambayo hajayasoma. Mliomba siku ya tatu, mkapewa siku ya 19. Siku hizo 16 hazihesabiwi. Ukiziondoa katika 47 zinabaki 31, na maana yake ni kwamba hata mliporudisha rufaa mara ya pili mlikuwa bado na majuma mawili mkononi.

Hili halihitaji huruma ya mtu yeyote. Katika Rufaa ya Madai Namba 16 ya 2017, iliyoamuliwa mwaka 2021, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba siku za kusubiri nakala huondolewa kwa nguvu ya sheria yenyewe, bila mkata rufaa kulazimika kwanza kuomba aongezewe muda, ilimradi kumbukumbu zinaonesha tarehe tatu: tarehe ya uamuzi, tarehe nakala zilipoombwa, na tarehe zilipotolewa. Hapo ndipo ilipo kasoro ya kumwachia mtu au mtambo kuhesabu kwa kutazama tarehe moja tu. Ukiupa mfumo tarehe ya hukumu na tarehe ya kufungua rufaa, utatoa tofauti yake bila kukosea, na bado jibu litakuwa si la haki, kwa sababu tarehe mbili zenye kumwokoa mama hazikuwahi kuingizwa.

Kila kitu basi kinasimama juu ya ile barua. Ulisema mliipeleka, lakini hukusema kama mlibaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Itafuteni popote mlipohifadhi karatasi za shauri, na mtazame muhuri huo kwa makini, kwa sababu mara nyingi tarehe hufifia au hugongwa juu ya maandishi isisomeke. Kama hamna, nendeni kwenye Baraza mkaombe kukagua jalada. Barua yenu inapaswa kuwamo. Fungueni pia ukurasa wa mwisho wa hukumu mliyopewa, ambapo kwa kawaida nakala huthibitishwa kwa sahihi, muhuri na tarehe. Risiti ya malipo ya nakala nayo ni ushahidi. Vitu hivi vitatu vikikubaliana, hoja ya kuchelewa inakosa mahali pa kusimama.

Jirani yenu wa kwanza amesema jambo ambalo ni kweli kwa sehemu. Ibara ya 107A(2)(e) ya Katiba inazitaka mahakama kutenda haki "bila ya kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki kutendeka". Maneno hayo yaliingia kwa mabadiliko ya mwaka 2000, na ni maneno mazuri ninayoyaamini. Lakini Mahakama ya Rufani imeeleza zaidi ya mara moja kwamba ibara hiyo ni mwongozo kwa mahakama na haifuti kanuni za utaratibu. Mwaka 2018 sheria zilirekebishwa tena ili kuzielekeza mahakama kushughulikia mashauri kwa haki, kwa haraka na kwa gharama ambayo watu wanaimudu. Mwaka huohuo, katika Rufaa ya Madai Namba 55 ya 2017, Mahakama ya Rufani ilitumia mwelekeo huo kukataa kuvuruga uamuzi wa baraza la kata kwa hoja za kiufundi kuhusu muundo wa wajumbe wake, ikikumbusha kwamba vyombo hivyo vilikusudiwa kuwa rahisi kwa wananchi wa kawaida. Hata hivyo, katika rufaa ya Halmashauri ya Kijiji cha Mondorosi dhidi ya Tanzania Breweries, Mahakama hiyohiyo ilionya kwamba mwelekeo huo hauwezi kutumika bila kufikiri ili kukwepa masharti ya lazima yanayogusa msingi wa shauri. Ukomo wa muda uko upande wa masharti hayo ya lazima. Mkienda kwa Jaji mkiwa na Katiba peke yake, bila barua wala kiapo, yaani maelezo yaliyoandikwa na kuapiwa, nawaambia kwa moyo mweupe kwamba mtaondoka mikono mitupu.

Usinielewe kwamba natetea ukali usio na sababu. Wakongwe wa mahakamani wanaikumbuka miaka ambayo ombi lilikuwa linaondolewa kwa sababu tu wakili ametaja kifungu kisicho sahihi, au rufaa inaondolewa kwa kuwa tarehe ya dikrii hailingani na ya hukumu, na mwenye shamba anarudi kijijini asijue la kumweleza nani. Kompyuta hazikuwepo wakati huo. Binadamu mwenye kalamu aliweza kuwa mgumu kuliko mtambo wowote, na marekebisho ya kanuni za Mahakama ya Rufani ya mwaka 2017, yaliyoruhusu kifungu kilichokosewa kurekebishwa, yalikuja kwa sababu watu walilalamika kwa haki. Kwa hiyo anayedhani tukiondoa mfumo tutarudi kwenye haki anakosea chanzo cha tatizo.

Lakini zipo taratibu ambazo ukizivunja unavunja haki yenyewe, na mfano ulio karibu nasi kuliko yote umetoka hapahapa Mbeya. Sheria inataka mwenyekiti wa Baraza la Wilaya aketi na washauri wa baraza, na kabla hajaandika hukumu kila mshauri atoe maoni yake kwa maandishi. Katika Rufaa ya Madai Namba 287 ya 2017, iliyoihusu Halmashauri ya Jiji la Mbeya, washauri walikuwapo wakati wa kusikiliza, lakini hawakutakiwa kutoa maoni yao mbele ya wahusika ili wayafahamu. Mahakama ya Rufani ilifuta mwenendo wote wa shauri katika Baraza na kuagiza shauri lianze upya. Ukiisoma haraka utasema huo ni ufundi mtupu. Fikiri tena. Washauri ndio sauti ya jamii katika Baraza. Ndio watu wanaoweza kujua kwamba isale lililopandwa ukingoni ni mpaka wa kale na halikuota lenyewe. Maoni yao yakiingizwa kwenye jalada kimyakimya, mama hawezi kujua kama mwenyekiti aliyazingatia au aliyapuuza. Hapo utaratibu unamlinda mnyonge dhidi ya uamuzi unaofanyika gizani. Ndiyo maana ninakuomba usome nakala ya mwenendo wa shauri lenu ukilitafuta jambo hilihili, kwa sababu kama maoni ya washauri hayakusomwa mbele yenu, mnayo sababu ya rufaa yenye nguvu kuliko nyingine zote mlizoandika.

Kuhusu majaji roboti, habari iliyoenea zaidi ilitoka mwaka 2019, ikidai kwamba Estonia inatengeneza jaji wa kompyuta wa kuamua madai madogo. Wizara ya Sheria ya nchi hiyo ilikanusha hadharani mwaka 2022. Mahakama ya Tanzania nayo inatumia akili mnemba, lakini kwa kunukuu na kutafsiri mwenendo wa mashauri. Kuamua ni kazi ya hakimu au jaji aliyeapa. Hatari ninayoiona iko mahali pengine, mahali pa kawaida zaidi, ambapo binadamu mwenye mamlaka anaacha kuuliza kwa sababu skrini imeshasema.

Uingereza imelipa gharama kubwa kwa jambo hilo. Kuanzia mwaka 1999, wasimamizi wa posta ndogo waliwekewa mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ulionesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu hadi kufikia mwaka 2015. Wengine walifungwa, wengine wakafilisika kwa kulipa fedha ambazo hawakuzichukua. Sheria ya huko ilidhania kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa hadi ithibitishwe vinginevyo, na mwanamke mwenye duka kijijini angethibitishaje kosa lililo ndani ya mtambo ambao haruhusiwi kuufungua? Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya huko ilikubali kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge likalazimika kutunga sheria ya kufuta hukumu hizo kwa jumla. Kila kesi ilipita mbele ya hakimu wa nyama na damu. Walichokosa watuhumiwa ni mtu wa kuwaamini kuliko takwimu.

Ndiyo sababu naona kitu cha thamani kubwa katika sheria yetu ni yale mamlaka ya Mahakama Kuu ya kuongeza muda pale mtu anapoonesha sababu ya msingi, hata kama muda umeshapita. Katika uamuzi wa Lyamuya Construction, Mahakama ya Rufani ilitaja mambo ya kuangaliwa: kama mwombaji ameeleza kipindi chote cha kuchelewa, kama ucheleweshaji si wa kupindukia, kama ameonesha bidii badala ya uzembe, na kama kuna sababu nyingine nzito, kwa mfano uvunjaji wa sheria unaoonekana waziwazi katika uamuzi unaopingwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kupimwa bila kumsikiliza mtu. Bidii ya mjane anayetafuta nauli ya kwenda Mbeya haifanani na bidii ya kampuni yenye mawakili, na ni binadamu tu awezaye kuipima tofauti hiyo kwa haki.

Mna njia mbili basi, na sitakuficha ugumu wa kila moja. Ya kwanza ni kuendelea na rufaa iliyopo, mkiambatisha barua na kueleza hesabu ya siku ndani ya rufaa yenyewe. Ni njia ya haraka, na tarehe zote tatu zikiwa na ushahidi, ndiyo ninayoipendelea. Hatari yake ni kwamba upande wa pili ukiweka pingamizi la awali na ushahidi wenu ukaonekana pungufu, rufaa iliyofunguliwa nje ya muda hutupiliwa mbali kabisa, na mlango wa kurudi Mahakama Kuu kwa rufaa hiyo hufungwa. Njia ya pili ni kuomba kwanza kuongezewa muda. Ni salama zaidi pale barua isipopatikana, lakini inachukua muda, inampa mpinzani nafasi ya kuendelea kutekeleza hukumu msipoomba zuio, na inawataka mkiri kwamba mmechelewa. Kuzifanya zote mbili kwa wakati mmoja kutawachanganya nyinyi na mahakama.

Mkichagua njia ya pili, kiapo ndicho kitakachoamua. Mahakama za Tanzania zimesisitiza mara nyingi kwamba kila siku ya kuchelewa ielezwe, hata iwe moja. Usiandike "umeme ulikatika" ukaishia hapo. Eleza ulikatika lini, uliporudi mlifanya nini asubuhi hiyo, na nani alikuwapo. Tena, kiapo kinachomtaja mtu mwingine kinahitaji kiapo cha mtu huyo. Kijana wa steshenari aape mwenyewe kuhusu alichokifanya na alichokiona kwenye skrini, la sivyo maelezo yako juu yake yatahesabika kuwa ya kusikia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu taarifa za kielektroniki kupokelewa kama ushahidi, kwa hiyo ujumbe wa mfumo na ujumbe wa simu wa malipo visifutwe.

Kanuni za kufungua mashauri kielektroniki za mwaka 2018 ziliweka kwamba nyaraka iliyoingizwa kabla ya saa sita usiku inahesabika ya siku hiyo, na zilimruhusu aliyekwamishwa na hitilafu ya kiufundi ya mfumo amjulishe msajili kabla ya saa tisa alasiri ya siku ya kazi inayofuata. Thibitisheni masjala kama masharti hayo yamebadilishwa. Kukatika umeme steshenari si lazima kuhesabike kuwa hitilafu ya mfumo, na ndiyo sababu sijaiweka hoja hiyo mbele. Kuhusu ada, upo uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1992 uliohesabu tarehe ya kufungua shauri kuwa ile ada ilipolipwa, na majaji wametofautiana juu ya namna ya kuutumia tangu mfumo uanze. Lipeni siku ileile mnayopata namba ya malipo.

Herufi ya jina la mama inarekebishika. Iandikeni kama ilivyo kwenye hukumu hata kama kitambulisho kina tahajia nyingine, na wakili ataandaa kiapo kinachoeleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja.

Msisubiri jibu jingine kutoka kwangu kabla ya kumwona mtu ana kwa ana, kwa sababu siku zinaendelea kuhesabika. Kama hamna fedha za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria na taasisi zinazotoa huduma hiyo bure. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya inaweza kuwaelekeza, na chama cha mawakili kina wanachama wengi mjini Mbeya. Mkimwona mtu aliyewatoza fedha kuandika nyaraka bila kuwa wakili, msimpe tena kazi hii. Mama aende mwenyewe, kwa kuwa rufaa ni yake na kiapo kitakuwa chake. Katika Baraza ndugu aliruhusiwa kumwakilisha, lakini Mahakama Kuu atasimama yeye au wakili wake. Abebe hukumu, dikrii, nakala ya mwenendo, barua ya kuomba nakala, risiti zote, na zile kurasa mbili mlizochapisha kutoka kwenye mfumo. Mkipata taarifa kwamba mpinzani ameomba kukazia hukumu, yaani itekelezwe, au ameanza kung'oa migomba, nendeni kwa wakili siku hiyohiyo, kwa maana ombi la zuio haliwezi kungoja rufaa.